Mlango wa Mia Tano Kumi na Nne

Ofisi ya maji, Chumbageni, chumba cha nyuma:
feni moja, na kompyuta niliyoiokota stoo
chini ya mita mbovu na maboksi ya risiti.
Nimeipangusa kwa kipande cha khanga kuukuu,
nikaipa jina: Karani.
Kazi yake si kujua. Kazi yake kuandika.

Maana kila mashine ya mji huu ina shajara yake
na huiandika tumboni, peke yake:
pampu ya Pongwe, tangi la Duga,
kichujio cha Amboni, vali ya Raskazone iliyoliwa na chumvi.
Ikifa, inakufa na maneno yake.
Mwezi wa tatu iliungua ile ya Majani Mapana,
tukabaki tunamuuliza maiti saa aliyofariki.

Mali bila daftari. Unajua inavyokwisha.

Basi kwanza nikamzibua Karani sikio.
Nikafuta alama ya reli mbele ya mistari miwili
iliyolala hivyo tangu kiwandani,
nikamwambia: sikiliza mlango wa mia tano kumi na nne.
Kuna njia mbili za kubisha.
Moja ya mpita njia: anatupa hodi juu ya ua
na kwenda zake, asijue kama yupo aliyesikia.
Wa pili habanduki kizingitini mpaka aambiwe karibu.
Mtandao wetu hukatika wingu likipita tu.
Nimechagua wa pili.

Kimya.
Nusu saa nakitazama kioo cheusi,
Karani kakodoa macho kama mtoto wa darasa la kwanza.
Kumbe ukuta wa moto! Bawabu niliyemweka mwenyewe
mwaka jana, nikamkataza kumfungulia yeyote.
Sikumlaumu.
Nikamwonyesha mlango mmoja, na majina kumi na moja.

Saa tano kasoro robo, mstari wa kwanza:
Pongwe: habari za huko.
Kauandika Mbelwa, niliyemtuma kwa pikipiki.
Halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja
kama wafiwa waliokuwa wakisubiri dua iishe,
na kila mmoja na saa yake.
Duga iko nyuma saa tatu, bado inafuata jua la Grinichi.
Amboni betri imekufa: inaapa leo ni
Januari mosi, mwaka wa sabini,
mama yangu hajazaliwa.
Na mimi, ishirini na mbili ya kioo
naigeuza kichwani iwe saa nne.
Nikawapa wote saa moja. Namaanisha
saa moja ya kufuata, si saa moja ya jioni.

Siku ya tisa nikachuja. Nikatupa porojo, nikabakiza malalamiko.
Duga, saa nane na dakika kumi na mbili usiku: nimezimika.
Duga, saa nane na dakika kumi na sita: nimewaka.
Usiku wa nane, vilevile.
Wa saba, vilevile.

Nikaenda kabatini.
Kaunta buku la Semkiwa, jalada limeoza,
mhudumu wa pampu Duga kabla ya mashine hizi:
"Saa 8 na robo usiku pampu imejizima. Dakika nne. Imewaka yenyewe."
Kurasa mia na ushei, kalamu ya bluu,
na pembeni, wino mwekundu wa injinia:
Ulikuwa umelala.
Walimkata mshahara mara mbili. Hakungoja ya tatu,
akaenda zake Muheza kupanda michungwa.

Nimempigia leo asubuhi,
nikamsomea mistari, usiku mmoja baada ya mwingine.
Akanyamaza kiasi nikadhani simu imekata.
"Dakika nne?"
Dakika nne.
"Niliandika," akasema.

Nyuma yake mtu alikuwa anahesabu machungwa kwa sauti,
arobaini na moja, arobaini na mbili,
akakosea, akaanza upya.