Barua ya Mtendaji

Jumamosi ya pili ya mwezi tunateremka Karanga,
akina mama wa usharika, vitenge vya sare,
na Bi. Zaituni wa msikiti wa Njoro, anayetutangulia getini
na ndoo ya tende hata isipokuwa Ramadhani.
Sabuni za mche tunazikata vipande nyumbani;
askari atazikata tena, aone kama tumeficha kitu.
Mimi mtunza hazina naandika:
miche kumi na minne, ndala jozi ishirini,
dawa ya meno, pedi za upande wa wanawake.
Tunaimba. Tunaomba. Saa nane tumeshaondoka.

Mwezi ule kijana mmoja alinishika mkono, hakuuachia.
"Mama Aikande, asante kwa sabuni. Hii ni ya tisa.
Mdhamini je, umeniletea?"

Ombeni. Wa kwa marehemu Ndelilio, nyuma ya ghala la kahawa.
Kaka zake wako Mererani, simu hazipatikani.
Spika ya kanisa ilipopotea
sisi ndio tuliopiga simu polisi.

Nikaanza kuandika na ya kwake, ukurasa wa nyuma wa daftari:
Machi, upelelezi haujakamilika.
Mei, upelelezi haujakamilika.
Agosti, hakimu yuko likizo.
Oktoba, upelelezi

na spika yenyewe ilionekana Juni, stoo ya kwaya,
chini ya mapambo ya Krismasi.
Nani alikwenda kusema?
Tuliipangusa vumbi, tukaichomeka, tukaimbia.

Jumapili, baada ya ibada, mnadani,
mkungu wa ndizi umefika elfu kumi na tano,
nikasimama. Sikuomba fedha.
Niliomba watu wawili, kitambulisho,
barua ya mtendaji wa mtaa yenye muhuri.
Mzee wa baraza akakohoa: "Hilo ni la kikao, mama."
Wengine wakatafuta funguo za magari mifukoni.
Jogoo wa sadaka, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba,
akawika palepale chini.
"Elfu kumi na sita!" mtu akasema, na mnada ukaendelea.

Sikulala vizuri. Nilikuwa na hasira, na nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe:
mwaka mzima nimehesabu miche ya sabuni
sijahesabu siku za mtu.

Jumatatu ofisi ya mtaa haijafunguliwa
nikamkuta Bi. Zaituni benchini, kitambulisho mkononi.
Nani alimwambia, sijui. Moshi mji mdogo.
"Spika ni yenu," akasema,
"lakini kelele zake tunazisikia sote."
Nikacheka mpaka nikajifuta macho.

Mtendaji akaandika yake, kisha yangu.
"Uhusiano wako na mshtakiwa?"
"Mlalamikaji."
Kalamu ikasimama.
"Mama, hapa huwa tunaandika ndugu, jirani, mwajiri."
"Andika hivyo hivyo," nikamwambia.
"Halafu piga muhuri."