Omu Mia Tatu na Kumi

Masizi haya hayakutoka sufuriani.
Yamefika kwa ndege, gramu moja kichupani,
na Kemigisha, aliyekulia Rukungiri akisugua vyungu kwa majivu,
leo analipwa ayatunze.

Ni mirija, anasema. Upasue unywele wako
mara elfu hamsini, ndipo upate mmoja.
Lakini ina udugu mbaya:
hushikana, hujifunga mafundo, haitaki kuachana.
Akaitia maji na sabuni, akaitetemesha saa nzima
hadi wino ukatulia, mweusi, hauna punje.

Alikuwa ananyunyizia kioo tabaka la saba
umeme ulipokatika Kyambogo yote.
Akacheka peke yake gizani:
natengeneza njia, msafiri hayupo.

Akakimbilia sigiri ya Apio, muuza chapati,
akakikausha juujuu, moshi usikiguse.
«Kitu gani hicho?»
«Subiri.»

Kipimo chake kina betri, hakijui mgao.
Akagusisha sindano mbili.
Jana, milioni.
Sasa, mia tatu na kumi.

Hakupiga kelele. Alikiinua kioo machoni,
kijivu kama pumzi,
na ng'ambo yake akaiona Banda,
taa moja, kisha nyingine, zikirudi.