Nyuzi Arubaini Zisizobeba Kitu

Kompyuta ya Bi Asaa Kombo, hapa Wete, si moja.
Kasha ni la skuli ya Limbani, lilipigwa mnada pamoja na kutu yake;
ubao mama ulivuka kutoka Unguja ndani ya mfuko wa unga,
feni niliivua kwa marehemu mashine ya posta,
na hadi diski, huyo ndiye mzee wa nyumba,
ina kovu la bisibisi yangu ya mwaka juzi.
Nilikata bati kwa tupa ili viungo vikubaliane.
Vilikubaliana kama wake wenza:
kwa adabu, si kwa mapenzi.

Akiiwasha saa mbili asubuhi
hadi diski hukohoa, hutafuta, hukohoa tena,
ka-ta, ka-ta, ka-ta,
kama mtu anayepekua kanga zote sandukuni
kwa ajili ya ufunguo mmoja.
Dakika kumi na saba. Nilizihesabu nimesimama.
"Shaame," akaniambia, "watu wanataka kadi za harusi.
Bwana harusi atazeekea hapa kizingitini."

Nikaivua nguo.
Kwanza waya: ule bapa, mpana kama ukili,
nyuzi arubaini, zote zinasema kwa pamoja,
kila uzi ukimsikia jirani na kutia chumvi,
hata mashine ikaona bora iende polepole
kuliko kupokea uzushi.
Nikatia mpya, nyuzi themanini.
Arubaini za kazi. Arubaini nyingine hazibebi kitu,
wallahi hazibebi hata herufi:
husimama tu baina ya jirani na jirani
ili umbeya usivuke ukuta.

Kisha nikaingia kwenye mipangilio, ile skrini ya buluu,
na hapo nikacheka peke yangu.
Miaka yote hiyo ubongo wa mashine ulikuwa unachota kwa kata,
neno, neno, neno,
kutoka diskini mpaka kwenye kumbukumbu,
na mfereji upo! Umefungwa tu, hakuna aliyeugusa.
Nikaufungua.

Ikabaki kukusanya.
Maana barua moja ya Bi Asaa niliikuta
kichwa Mtambwe, kiwiliwili Konde,
miguu imelala Mkoani kwa watu isiowajua.
Kila akifuta kadi, pengo;
kila akiandika nyingine, kipande hutupwa penginepo.
Nikaiacha programu ikusanye usiku kucha,
vijisanduku vyekundu vikigeuka buluu kimoja kimoja,
mimi na betri ya pikipiki pembeni,
kwani umeme wa hapa haupigi hodi ukiingia
wala hauagi ukitoka.
Saa saba ukatoka.
Betri ikashika. Kitaa cha diski kikapepesa,
kikanyamaza,
sikuvuta pumzi,
kikapepesa.

Asubuhi akaiwasha.
Dakika moja na sekunde ishirini.
Akaitazama skrini kama mgeni aliyefika chai haijachemka.
"Imekwisha?"
"Imekwisha. Andika."
Akakaa. Akasimama. Akakaa.

"Sasa," akasema, "ile saa yangu ya kuumwagia maji mrehani,
ya kumuuliza Bikombo, ng'ambo ya barabara, mguu umeamkaje,
ya kunywa kahawa ingali moto,
hiyo umeipeleka wapi?"

Nikatafuta jibu la kifundi, sikulipata.
Waya wa zamani nilikuwa nao mfukoni, nimeuviringa.
Akauomba, akaukunjua kiganjani,
akaupitisha ukucha juu ya nyuzi zake
kama anayehesabu deni.

"Na hizo mpya," akauliza, "zile arubaini zisizobeba kitu,
ukizing'oa, kelele zitarudi?"
"Zitarudi."
"Basi."
Akavuta kiti nyuma,
akaiacha kompyuta tayari, macho wazi,
zamu yake ya kungoja,
akatoka na kopo la maji.