Ukurasa wa Tisa

Bwana Wopata, kabla hujafungua kalamu nyekundu,
anzia ukurasa wa tisa.
Nane za mwanzo nimeiandikia benki:
seva, leseni, mafunzo ya makarani,
miaka mitatu hadi pesa irudi.
Hesabu ziko sawa. Nimezijumlisha mara mbili,
mara ya pili kwa tochi ya simu,
Mbale nzima ikiwa gizani.

Ukurasa wa tisa ni Jumanne ile ya Novemba.
Lori lako lilibeba magunia arobaini ya kahawa,
la Bi Nabifo sitini,
letu kwa Gidudu tisini.
Kila lori hubeba mia mbili.
Jumlisha mwenyewe, sitaki kukutia maneno mdomoni.

Letu lilivunjika klachi karibu na Iganga.
Lako likalipita, likapiga honi.
La Nabifo nalo likapiga honi.
Madereva wenu wakala kuku Namawojolo,
wakacheka, wakamhurumia mwenzao
aliyelala juu ya magunia siku mbili, mvua ikinyesha.
Wao walijua kila kitu.
Sisi wenye kompyuta ndio tuliobaki gizani.

Halafu yuko Yokana Mugide wa Budadiri.
Kwako anaitwa Yohana.
Kwa Nabifo ni Y. Mugide, simu haipatikani.
Kwetu ni namba 0417, basi.
Alichukua mkopo wa mbolea mara tatu,
akalipa mara moja.
Simlaumu.
Sisi ndio tuliomzaa mara tatu.

Najua kinachokukosesha usingizi,
na si bei ya programu.
Ni Nabifo kufungua skrini asubuhi
aone kilo umenunua kwa shilingi ngapi.
Bwana Wopata, anajua.
Mpima mizani wako na wake
wanaimba kwaya moja pale Nkoma,
sauti ya tatu, bega kwa bega.

Kwa hiyo naomba nyumba moja yenye vyumba vitatu.
Malori na wakulima wakae sebuleni,
tuwaone sote.
Bei, kila mtu alale nayo chumbani mwake,
ufunguo chini ya mto.

Mstari mmoja tu umenishinda.
Fomu ya benki inauliza:
faida zisizohesabika.
Niliandika kuaminiana.
Nikafuta, lilionekana neno la harusini.
Nikaandika: klachi ya Gidudu.

Hilo nimeliacha.
Wakiuliza, utawaeleza wewe.
Dereva wako ndiye aliyepiga honi.