Ruhusa

Bahla, saa nane za usiku. Kiyoyozi kimekata pumzi.
Bi Shinuna ananiita kwa Kiswahili chake cha Pemba,
kile alichokuja nacho kigori, hakijachuja:
"Wakesho, njoo. Yupo tena. Kakaa miguuni pangu."

Naingia na kandambili mkononi
kana kwamba ni mende.
Chumba kinanuka ubani na dawa ya kuchua.
Simwoni mtu,
ila baridi ipo, sitasema uongo.

Mimi si mchungaji. Pasipoti yangu imo kabatini kwa mwanawe;
kufika tu getini, naomba ruhusa.
Nikawakumbuka wale wa makaburini,
jeshi zima ndani ya mtu mmoja,
minyororo wanaikata kama uzi wa kushonea,
halafu mbele Yake wanabembeleza:
turuhusu, hata kwa nguruwe.

Jeshi zima. Linaomba ruhusa.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nikacheka kwa sauti.
"Wacheka nini, mwanangu?"
"Huyu naye, Bibi, ana Bwana wake juu."
Nikalitaja Jina polepole, bila kelele,
kama unavyomwita mtu aliyemo chumbani.

Baridi ilitoka saa ngapi, sijui.
Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo anao mwanawe.
Bi Shinuna alikoroma hadi adhana,
nami sakafuni, kandambili pembeni,
nimemshika kidole gumba cha mguu.