Kutu Yenye Vidole

Surjeet aliifungua bunduki ya marisau
kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe mnadani:
mtutu wa kulia, mtutu wa kushoto,
akachungulia mwanga wa dirisha kupitia humo,
akasema ndani ni kuzima, nje ndiko kunakougua.

Nilijua. Tunakaa Mbaruk,
upande ambao upepo wa adhuhuri
hubeba magadi ya Elementaita hadi kwenye vitasa vya milango.
Kwetu msumari hauzeeki, hufa kijana.
Mabati ya zizi yana matundu kama chujio la chai
na bawaba hulia kabla mgeni hajabisha.

Akanipangia vipande vinne vya chuma juu ya gazeti.

Cha kwanza cheusi chenye samawati,
bawa la kwezi linapogeuka juani.
Nilikitamani kama kitenge cha sikukuu.
"Huyu hupakwa mafuta kila usiku," akasema.
"Usiku mmoja ukimsahau, asubuhi amenuna."
Nikamwambia namjua mwanamke huyo, na ana haki.

Cha pili nikeli, kinang'aa kama sufuria ya harusi.
Nikawaza nyani wa bondeni,
wanavyokaa mwambani wakihesabu mahindi yangu:
wangeniona nikitoka mlangoni, wangeondoka bila haraka,
wangerudi nikiingia.
Na nikeli ikipasuka, kutu hupenya chini yake
kama funza chini ya ukucha.
Juu pazuri, ndani panaliwa.

Cha tatu fosfeti, kijivu, kikavu kama ulimi wa paka.
Hicho hunywa mafuta na kuyaweka.
"Cha askari," alisema, wala hakueleza zaidi.

Cha nne rangi ya kauri, nyeusi isiyo na mng'ao,
huokwa tanurini saa mbili kama mkate.
Magadi hayaiwezi. Mvua haiiwezi.
Ila kwanza chuma hupigwa mchanga
mpaka kibaki uchi kama siku kilipozaliwa.

Hapo nikanyamaza.

Kwa sababu mbele kidogo ya ubao,
pale mkono wa kushoto unaposhika,
kuna kutu yenye vidole.
Vinne upande huu, gumba upande ule.
Ni baba, arap Chumo. Miaka ishirini na sita alishika hapo
fisi walipokuja kunusa ndama,
na jasho lake likaandika bila kalamu.
Picha yake tunayo moja, ya kitambulisho, amekunja uso.
Hii haikukunja chochote.

Surjeet hakuuliza. Alichukua kipande cha tano,
chuma kitupu, kimesuguliwa hadi nikaona meno yangu,
akanitia mkononi. "Kishike mpaka nimalize chai."
Alikunywa kama asiye na mteja mwingine duniani.
Kisha akakitia kwenye kopo, akanakili daftarini
namba ya bunduki na namba ya kibali changu,
akanirudisha nyumbani.

Kesho yake saa tatu kopo likafunguliwa.
Vidole vinne. Gumba.
Rangi ya udongo wa Mau, vimeota usiku kucha kama uyoga.

"Wako wachache wenye jasho hili," fundi akasema.
"Chumvi kali. Kama hurithiwa, sijui. Mimi ni mtu wa chuma."
Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wa baba.
Kidole cha shahada kilipungukiwa nusu inchi tu.

Basi mafuta ya kila usiku hayatanitosha,
wala fosfeti, wala uzuri wa kwezi.
Mkono ulao chuma hupewa kisicholika.
Nikamwambia: piga mchanga. Kauri. Nyeusi.
Nilisema haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Ilichukua siku nane. Ikarudi nyeusi, kimya, haina mtu.

Kipande cha tano nimekiweka dirishani,
upande wa magadi, bila mafuta, bila kitambaa.
Nacho pia Surjeet alinitoza: shilingi hamsini.