Yupo, Yuko, Yumo

Muswada una kurasa kumi na moja.
Wa tatu unauliza: mwanafunzi asomaye nyumbani
atahesabiwaje kwamba yupo?

Nimetoka Twin Falls alfajiri, sijalala,
basi likipasua theluji hadi Boise,
vidole vinanuka jibini ya zamu ya usiku.
Nimepewa kipaza sauti na dakika mbili.

Waheshimiwa, kwetu neno hilo ni matatu.

Jumatatu, shule ya mkataba ikifungua milango,
Etabo yupo. Kiti cha pili, ubavuni mwa dirisha,
soksi zimelowa, mkono juu.

Jumatano, siku ya masomo ya mbali,
Etabo yuko. Yuko huko, nyuma ya kioo,
jina tu ndani ya kisanduku cheusi.
Mashine inahesabu: mshale ukisogea, anasoma;
ukitulia, mtoro.
Mwalimu Brekke anaita, "Etabo, unanisikia?"
Anasikia. Ila mkono mmoja unamfuta mdogo wake kamasi,
maana mama mtu kalala kama gogo.

Kisha ile Ijumaa ya Februari
upepo uliangusha waya, intaneti ikazima.
Nilimkuta jikoni, gizagiza,
anapima kivuli cha jokofu kwa kamba ya kiatu,
anaandika pembe nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.
Nikamwita. Nikamwita tena.
Uji ukaota ngozi.
Nikanyamaza, nikajua: yumo.
Na siku hiyo, waheshimiwa, ndiyo mliyomwandika hayupo.

Wilondja, mkalimani wangu, akameza mate,
akatafuta, akatafuta,
akawapa neno moja lilelile mara tatu.
Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa upole.
Taa nyekundu ikawaka.

Kura sita kwa tatu. Dakika zimebaki dakika,
mshale umebaki mshale.

Kwenye ngazi za marumaru simu ikatetema,
ujumbe wa shule, kwa Kiswahili cha mashine:
*Mwana wako leo hakuwepo.*

Nikageuka. Alikuwa nyuma yangu na koti langu begani,
kaja nami tangu alfajiri, benchi la mwisho,
kalamu mdomoni, muswada umekunjwa ukurasa wa saba.
"Mama," akasema, bila kuinua macho,
"hizi saa zao hazijumliki.
Wamesahau kubeba moja."